Aibu ya Kitu Kikuukuu: Suala la Kununua Pikapu ya Zamani katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Pikapu kuukuu ni gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, ambalo bei yake imeshuka hadi ikafikiwa na mtu anayeishi kwa ufuta, dagaa au korosho. Katika barabara ya Somanga hadi Lindi mjini mara nyingi huwa ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli, rangi iliyopigwa zaidi ya mara moja, na keria ya bomba iliyochomelewa na fundi wa mtaani. Kuinunua au kuiacha huhesabiwa kuwa jambo la fundi na mfuko. Hata hivyo, mnunuzi anapoinama kutazama chini ya gari hilo anakutana na swali ambalo mafakihi na wanafalsafa wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka elfu mbili: kitu ambacho kwa umri wake hakiwezi kuwa kizima, aibu yake ni ipi? Na ile aibu ambayo hata muuzaji haijui, nani aibebe?

Swali hilo lina mizizi mirefu katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliandika kwamba wakazi wake ni wafuasi wa Imamu Shafi. Waislamu walio wengi wa Kilwa na Lindi wangali katika madhehebu hayo, na Minhaj ya Imamu Nawawi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu vikubwa vilivyosomeshwa katika darsa za fiqhi za Waswahili. Mlango wake wa biashara uliandikwa kwa ajili ya masoko ya nguo, nafaka na wanyama wa kupanda. Leo hii Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi inayoweza kulazimisha hukumu ya mauzo ya gari. Mauzo hayo yako chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa hiyo fiqhi ya biashara imebaki kuwa jambo la dhamiri, na pengine hilo limeifaa: hoja zake hupimwa kwa uzito wake zenyewe, bila askari nyuma yake.

Gari lenyewe nalo lina historia inayotokana na mahali. Kutoka Nangurukuru, njia ya Liwale inaingia bara kwa zaidi ya kilomita 200, na wakati wa masika sehemu zake hugeuka tope. Msimu wa ufuta ukifika, magunia huletwa kutoka vijijini hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi ili yauzwe kwa stakabadhi. Miezi michache baadaye huanza korosho. Baina ya misimu hiyo pikapu hubeba samaki. Hapo ndipo uharibifu mkubwa hufanyika, kwa kuwa barafu inayoyeyuka huchanganyika na chumvi ya samaki, hutiririka kupitia maungio ya bodi na kuingia ndani ya chasisi, mahali ambapo jicho halifiki. Gari lililobeba magunia kwa miaka 10 na lililobeba samaki kwa miaka 10 yanaweza kufanana kabisa kwa nje. Tena kuna maji ya mvua. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu katika eneo la Somanga, na si kila gari lililopita majini mwaka ule lilisema lilichokipata.

Minhaj inaifasili aibu kwa namna ambayo inafaa kusomwa polepole. Aibu ni upungufu wa dhati ya kitu au wa thamani yake, upungufu unaoikosesha haja iliyo sahihi, kwa sharti kwamba katika jinsi ya kitu kile mara nyingi upungufu huo haupatikani. Sharti hilo la mwisho ndilo linalobeba suala zima la kitu kikuukuu. Haliulizi kama kitu kimepungua. Linauliza kama kimepungua kuliko wenzake. Wafafanuzi wa kitabu hutoa mfano wa meno: kung'oka kwa aliye kijana ni aibu, kwa mzee si aibu, kwa sababu wazee ndivyo walivyo.

Ikishushwa kwenye Hilux ya mwaka 1995, kanuni hiyo huondoa malalamiko mengi kwa mkupuo mmoja. Kutu kwenye mlango wa nyuma si aibu, wala kiti kilichochanika, wala usukani wenye uchezaji kidogo, wala kilomita laki tatu na nusu kwenye dashibodi. Gari la umri huo lisilo na mambo hayo ndilo lingestahili kutiliwa shaka. Lakini chasisi iliyooza ndani na kuchomelewa bati juu yake ni aibu, kwa kuwa pikapu nyingi za umri huo, hata zikiwa zimechoka, uti wa mgongo wao hushika. Moshi wa buluu usiokoma unaoonyesha kwamba injini inakula oili uko katikati, na hapa jibu linategemea soko: kama nyingi za jinsi hiyo zinakula oili, basi ni uzee, kama chache tu, ni aibu. Mtu asiyezijua pikapu 10 hawezi kujua aibu ya moja. Ndiyo maana muuzaji na mnunuzi wanaposhindana juu ya aibu, mafakihi huwaachia uamuzi watu wenye ujuzi wa bidhaa ile, na kwa gari hao ni mafundi wa gereji, bila kujali kama wanajua Kiarabu.

Ni vigumu kuusoma mlango huu Kilwa bila kusita. Mifano ya mafakihi, ukiwemo ule wa meno, mara nyingi ni ya watumwa, na pwani hii iliwauza watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kanuni ileile inayomlinda leo mnunuzi wa gari ilinolewa kwa kukagua meno ya binadamu. Hilo halibatilishi mantiki yake, ila linaweka wazi jambo ambalo vitabu havilisemi: hukumu ya aibu humlinda anayenunua, na haikiulizi kinachonunuliwa. Kwa chuma hakuna dhuluma katika hilo.

Upungufu ni jambo moja na hila ni jingine. Wafugaji wa Arabuni walikuwa wakifunga viwele vya ngamia au mbuzi siku chache kabla ya mnada, maziwa yakajaa, mnunuzi akadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mtume alikataza, akampa mnunuzi siku tatu: akitaka ambakishe, asipotaka amrudishe pamoja na pishi ya tende, badala ya maziwa aliyokwisha kuyakama. Kila gereji inajua kiwele cha gari kinavyofungwa. Oili nzito humwagwa ndani ili injini iliyolegea inyamaze kwa wiki mbili. Odometa hurudishwa nyuma. Lipu ya bodi hupakwa juu ya tundu kisha rangi mpya. Injini huwashwa alfajiri ili mnunuzi aikute moto, maana injini ya dizeli iliyochoka hujisema inapowashwa ikiwa baridi. Katika yote hayo hakuna neno la uongo lililotamkwa. Fiqhi inaliweka tendo mahali pa neno, na kwa sababu hiyo odometa iliyorudishwa ni kosa hata kama kilomita zile laki tatu na nusu, zingeachwa zisomeke, zisingekuwa aibu.

Kunyamaza bila kufanya lolote ni kugumu zaidi kuhukumu. Mwanafalsafa wa Kirumi Cicero, katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mmoja wa mifano yao ni mtu anayeuza nyumba yenye mbao mbovu na nyoka katika vyumba vya kulala, na hakuna ajuaye ila yeye. Diogenes alisema muuzaji afunue kile tu sheria inachomlazimisha. Kutosema si kudanganya, na mnunuzi ana macho. Antipater alisema huko ni kumwacha mtu apotee njia kwa makusudi. Cicero aliegemea upande wa Antipater. Sheria ya Kiingereza, na hivyo Sura ya 214, iko karibu zaidi na Diogenes: masharti ya ubora humbana hasa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, ilhali mwalimu au mvuvi anayeuza pikapu yake moja huachwa na mnunuzi wake wamalizane. Mwanateolojia wa Kikatoliki Thomas Aquinas, ambaye mafundisho yake yalifika Nyangao na Ndanda pamoja na Wabenediktini, anagawa: aibu iliyofichika na yenye hatari au hasara lazima isemwe, aibu iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji anaweza kuinyamazia iwapo bei imeshushwa kulingana nayo.

Mwanachuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anakwenda mbali kuliko wote hao. Kwake muuzaji hufunua aibu zote, za ndani na za nje. Naye anaeleza kisa cha Wathila bin al-Asqa, sahaba aliyekuwa amesimama sokoni mtu mmoja akiuza ngamia jike kwa dirhamu 300. Mnunuzi akaondoka na ngamia. Wathila akamkimbilia, akamuuliza kama amemnunua kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya safari. Alipoambiwa ni wa safari, akamwambia kwamba ukwato wa mnyama una tundu na hautahimili mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akarudi, bei ikapunguzwa dirhamu 100, na muuzaji akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara.

Kisa hicho kina mambo mawili ambayo hayaonekani kwa Cicero. La kwanza, Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Mafakihi wa Kishafi wamelichukua hilo kuwa wajibu: yeyote anayeijua aibu humweleza mnunuzi, hata akiwa mpita njia. Kwa hiyo fundi aliyeichomelea chasisi mwaka jana, akiona gari lile linakaguliwa chini ya mwembe, hawezi kusema halimhusu. La pili ni swali lake. Ukwato wenye tundu haukuwa aibu kwa mchinjaji. Haja ya mnunuzi imo ndani ya fasili yenyewe ya Nawawi, na ndiyo maana mtu anayeuliza tu kama gari ni zima hupewa jibu lisilo na maana. Pikapu ya kuchukua chumvi na mchanga ndani ya Kilwa Masoko, mwendo wa kilomita chache kwenye lami, inaweza kuwa nzima kwa haja hiyo na mbovu kabisa kwa Liwale. Rejeta inayovuja haimdhuru wa kwanza, humwacha wa pili porini. Na anayenunua gari la kukodisha wakati wa msimu ana haja ya tatu, yaani gari ambalo halilali gereji mwezi wa Juni.

Katika uchumi swali hili lilipata jina mwaka 1970, George Akerlof wa Marekani alipochapisha makala yake juu ya soko la magari yaliyotumika, makala iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobeli mwaka 2001. Hoja yake ni nyepesi. Mnunuzi asiyeweza kutenganisha gari zuri na bovu hutoa bei ya wastani, mwenye gari zuri huona anapunjwa na kuliondoa sokoni, wastani hushuka, na mchezo huendelea hadi yanapobaki mabovu. Kunyamaza kwa mmoja hugharimiwa na wote, akiwemo muuzaji mwaminifu. Akerlof aliliona kuwa tatizo la habari. Ghazali angeliita tatizo la nasaha, na ukweli ni kwamba soko la Tanzania limejaribu kulitatua kwa alama. Herufi ya namba ya usajili husomwa kama umri, gari “namba A” likidharauliwa mbele ya “namba D”, ijapokuwa herufi hiyo husema tu gari lilisajiliwa nchini lini na haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mradi lililokuwa na namba za DFP husifiwa kwa kuwa lilihudumiwa kwa ratiba; wengine hulikwepa kwa sababu hiyohiyo, wakisema gari lisilo na mwenyewe halionewi huruma kwenye makorongo. Alama hizo ni bora kuliko upofu, si zaidi.

Minada ya magari chakavu huja na sharti jingine: gari linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo. Watu binafsi nao husema “chukua kama ilivyo” na kuamini kwamba neno hilo limewafutia kila deni. Je, limewafutia? Imamu Malik amepokea kwamba sahaba Abdallah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutowajibika na aibu yoyote. Mnunuzi akagundua ugonjwa, wakafika kwa Khalifa Uthman. Uthman hakulitupa sharti, wala hakulipokea lote. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba hakuijua aibu ile alipouza. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Kwa hukumu hiyo sharti hufunika kile ambacho muuzaji hakijui. Kile anachokijua hubaki wazi.

Washafi waliongeza mpaka mmoja. Kauli yenye nguvu katika Minhaj ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji kwa aibu ya ndani, asiyoijua, katika mnyama pekee. Sababu yao ni maumbile: mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika, na ni nadra akose kitu cha siri. Nguo haina siri hiyo; hugeuzwa, ikaonekana. Basi pikapu iwekwe wapi, kwa mnyama au kwa nguo?

Kwa jina ni kitu kisicho na uhai, na anayeshika herufi za kitabu atasema sharti halimwokoi muuzaji hata kidogo. Lakini sababu iliyotolewa na mafakihi haikuwa uhai wenyewe; ilikuwa siri na kubadilika. Beringi ya krenki hukimbia kimya leo na kugonga kesho, na mwenye gari aliyeliendesha kwa miaka sita hakuwa na njia ya kuiona isipokuwa kwa kuifungua injini nzima. Difu na gia boksi ni hivyohivyo. Upande wa pili, chasisi, bodi, springi na matairi ni nguo: hugeuzwa, hugongwa kwa nyundo, huonekana. Jibu linaloelekea kuwa la haki ni kwamba gari moja limebeba jinsi mbili. Neno “kama ilivyo” linaweza kumpumzisha muuzaji mkweli kwa yale yaliyofungwa ndani ya chuma. Kwa yale yaliyo wazi halimsaidii kitu, kwa kuwa mwenye gari aliyelala chini yake mara ishirini hawezi kudai hakuiona chasisi. Wapo watakaopinga kwamba ngamia hafunguliki na injini hufunguka. Ni kweli, ila hakuna anayefunguliwa injini sokoni kabla ya kulipa.

Kabla ya aibu kuna sharti la kuona. Waswahili husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na katika kauli yenye nguvu ya Washafi mauzo ya namna hiyo hayasihi kabisa: kitu maalumu kisichoonwa hakiuzwi, kwa kuwa ndani yake mna gharari, yaani kubahatisha. Hukumu hiyo inagusa biashara ya siku hizi mahali penye maumivu. Pikapu iliyo Dar es Salaam huuzwa kwa mtu wa Kivinje kwa picha sita za WhatsApp, na iliyo bandarini Japani kwa picha thelathini na karatasi ya ukaguzi. Picha huonyesha kile alichotaka mpiga picha. Wala njia ya salamu, ambayo mtu hulipa leo kwa bidhaa iliyosifiwa na kuletwa baadaye, haifai, maana salamu ni ya vitu vinavyofanana na vinavyoweza kudhibitiwa kwa sifa, na hakuna magari mawili yaliyotumika yanayofanana. Njia iliyobaki ni wakala: fundi wa kuaminika huko lilipo gari, ambaye macho yake husimama mahali pa macho ya mnunuzi. Nauli ya fundi huyo ndiyo gharama ya kulifungua gunia.

Kuona huko nako kuna kitendawili. Injini iliyomo huenda si iliyokuja na gari. Gia boksi imetoka kwa gari jingine, milango kwa la tatu. Wagiriki waliuliza kuhusu jahazi la Theseus, lililobadilishwa mbao moja moja mpaka haikubaki ya asili, kama ni lilelile. Mafundi wa madau wa Kilwa hawaonekani kusumbuliwa na swali hilo: ubao ukioza hutolewa, mwingine hutiwa na kukalafatiwa, na dau huendelea kuitwa jina lake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliojengwa karne ya 11 au ya 12, uliongezwa karne ya 14, ukabomoka sehemu, ukajengwa tena karne ya 15; hakuna aliyewahi kusema ni msikiti mwingine. Dola nayo imeamua kwa kalamu, kwa kuiandika namba ya chasisi na namba ya injini katika kadi ya gari. Injini iliyobadilishwa bila kadi kubadilishwa haiifanyi pikapu kuwa nyingine, lakini huweka kwenye mkono wa mnunuzi kitu ambacho karatasi yake inashuhudia kitu tofauti. Hiyo ni aibu ya thamani hata kama injini mpya ni bora kuliko ya zamani. Na chasisi iliyokatwa ikaunganishwa na ya gari jingine ni suala zito zaidi, kwa kuwa hapo hata jina la kitu kinachouzwa linatetereka.

Dalali husimama katikati ya yote hayo, naye ana desturi yake: cha juu. Mwenye gari anataka milioni 12, dalali humtajia mnunuzi milioni 14, na tofauti huingia mfukoni bila ya upande wowote kujua. Kwa kawaida ya fiqhi wakala ni amini na ziada ni ya aliyemtuma. Kama mwenyewe amesema waziwazi kwamba kinachozidi ni cha dalali, sahaba Ibn Abbas anaripotiwa kutoona ubaya. Wengi, Washafi wakiwemo, wameukataa ujira usiojulikana kiasi chake. Ubaya mkubwa wa cha juu cha siri, hata hivyo, uko kwa mnunuzi: dalali anayekula tofauti ya bei ana sababu milioni mbili za kutosema habari za chasisi.

Aibu nyingine haiko ndani ya chuma. Gari lililoua mtu barabarani huitwa lenye nuksi, na wapo wasiolikubali hata kwa nusu bei. Dini inakataza kuamini mkosi, na kwa msimamo huo historia ya gari haiwezi kuwa aibu. Fasili ya Nawawi, kwa bahati, haihitaji kuamini chochote: imeweka upungufu wa thamani kando ya upungufu wa dhati, na kama soko la Lindi hulipunguzia gari hilo milioni mbili, upungufu upo hata kwa asiyeogopa. Mwenye imani iliyonyooka anaweza kulinunua kwa bei hiyo bila hofu, lakini atakapoliuza atalazimika kusema.

Karibu na hilo ipo istikhara, rakaa mbili na dua ya kuomba heri katika uamuzi. Wengi hungojea ndoto baada yake, jambo ambalo si sharti la sala hiyo. Wanazuoni huipanga pamoja na ushauri wa wajuzi, na anayeswali istikhara bila kumleta fundi amefanana na yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kamba akidai kumtegemea Mungu.

Mwenye nia ya kununua amepewa na madhehebu yake milango mitatu ya kutokea. Wa kwanza ni kikao: maadamu hawajaachana mahali pale, yeyote anaweza kuvunja mauzo, na Ibn Umar alipotaka mauzo yathibiti alikuwa akiinuka na kutembea hatua chache. Wahanafi na Wamaliki hawaukubali mlango huo. Wa pili ni sharti la kujaribu, lisilozidi siku tatu, na siku tatu zinatosha kulipakia gari mzigo, kulipeleka Liwale na kulirudisha. Muuzaji anayekataa sharti hilo kwa gari analolisifu ametoa habari ambayo hakukusudia kuitoa.

Wa tatu ni wa aibu yenyewe, iliyokuwepo kabla ya gari kukabidhiwa na ikaonekana baadaye. Hapo mnunuzi hurudisha gari na kuchukua fedha zote. Kama kwake limepata aibu mpya, tuseme ameligonga kwenye nguzo ya daraja, hawezi kumlazimisha muuzaji alipokee. Badala yake hulipwa fidia ya upungufu. Fidia hiyo huhesabiwa kwa uwiano: gari zima lingekuwa milioni 15 na lenye aibu ile milioni 12, upungufu ni sehemu moja ya tano, aliyelipa milioni 14 hurudishiwa sehemu moja ya tano ya alicholipa, yaani 2,800,000.

Mlango huo wa tatu hufungwa upesi. Haki ni ya papo hapo, kwa kipimo cha desturi: aliyegundua akiwa katika sala humaliza sala, akiwa anakula humaliza kula, akigundua usiku hungoja asubuhi. Akiendelea kukitumia kitu, haki imepotea. Minhaj inasema hata kumwachia mnyama tandiko lake mgongoni huibatilisha, isipokuwa mnyama mkaidi asiyeweza kuongozwa kwa miguu, huyo anaruhusiwa kupandwa wakati wa kumrudisha. Pikapu haiongozwi kwa kamba. Kwa hiyo aliyeisikia injini ikigonga saa nne za usiku karibu na Nangurukuru anaweza kulala, akaiwasha alfajiri na kuiendesha mpaka kwa aliyemuuzia, na haki yake iko palepale. Akipitia kijijini kwanza akapakia magunia mawili ya ufuta, kwa kuwa safari ni ileile na mafuta ameshanunua, gari ni lake.